Kwini na Saba

Erik Seidel ameshindwa mkono mmoja wa karata mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1988, katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, fainali ya mashindano makuu ya World Series of Poker, wakiwa wamebaki mezani yeye na Johnny Chan peke yao. Tangu mwaka 1998 anashindwa upya kila mtu anapoiwasha filamu ya Rounders. Humo ndani mkanda halisi wa fainali ile unachezwa kwenye televisheni ya mhusika mkuu, kijana anayesomea sheria New York, naye anautazama kama mtahiniwa anavyopitia mitihani ya miaka iliyopita. Jibu analijua. Anachotaka ni kuona limefikiwaje.

Nataka kuusoma mkono huo kwa namna nilivyofundishwa kusoma hadithi fupi. Nani anasimulia? Anajua nini wakati anaposimulia? Nani amenyimwa sauti? Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika fasihi, na utafiti wangu unahusu namna watu halisi wanavyogeuzwa kuwa wahusika, kwa hiyo jicho langu lina upande tayari. Naipenda Rounders. Nadhani ni filamu bora kuliko nyingi zilizowahi kutengenezwa kuhusu mchezo wowote wa karata, na John Malkovich akiongea Kiingereza cha lafudhi ya Kirusi ni burudani inayojitosheleza. Lakini kila ninapoirudia naona inamdhulumu mtu mmoja aliye hai, na dhuluma yenyewe unaweza kuithibitisha kwa kuhesabu karata.

Kwa asiyeijua poka ya aina hii, mambo machache yanatosha. Kila mchezaji anapewa karata mbili ambazo anaziona yeye tu. Mezani zinageuzwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja tena. Katika kila hatua watu wanaweka dau kwa chipu (chipu, si chipsi), na mwenye muunganiko bora wa karata tano ndiye anayezoa. Jozi ni ndogo. Mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, ni mkubwa kuliko jozi kwa mbali. Anayeweza kusukuma kati chipu zake zote na akashindwa na mwenye chipu nyingi zaidi, anaondoka.

Chan alikuwa na Jeki na 9. Seidel alikuwa na Kwini na 7. Karata tatu za kwanza mezani zikawa Kwini, 10 na 8. Hapo hapo Seidel amepata jozi ya Kwini, jozi kubwa kuliko zote zinazoweza kupatikana kutokana na meza ile. Hapo hapo Chan amepata 8, 9, 10, Jeki, Kwini: mfululizo kamili, muunganiko ambao kwa meza ile hakuna kitu kinachoushinda. Karata mbili zilizobaki zilikuwa 2 na 6, hazikubadili lolote. Chan alicheza taratibu, Seidel akaja kusukuma chipu zake zote, Chan akafuata, mashindano yakaisha. Chan akachukua dola 700,000 na ubingwa wake wa pili mfululizo. Seidel, ambaye yalikuwa mashindano yake makuu ya kwanza, akachukua dola 280,000.

Sasa sikiliza filamu inavyoufasiri mkono huo. Mike McDermott, anayeigizwa na Matt Damon, anautazama mkanda na kumsifu Chan kwa utulivu wake: kwamba alimjua mtu wake barabara, kiasi cha kuthubutu kukaa kimya akiwa na karata zisizoshindika, akiwa tayari hata kupata kidogo, ilimradi mwenzake ajilete mwenyewe. Kwa maneno ya Mike, Chan anammiliki yule mtu. Hiyo ndiyo tafsiri, na kwa kuwa Mike ndiye pia msimulizi wa filamu nzima, tafsiri yake ndiyo tunayoondoka nayo. Chan ni akili, Seidel ni windo.

Katika darasa la nadharia tunamwita msimulizi wa aina hii maizi, yule anayejua yote. Shida ya Mike ni kwamba anajua yote kwa sababu anatazama mkanda. Anaziona karata za pande mbili, anajua mwisho, na kutokana na mwisho huo anarudi nyuma kuwagawia watu tabia. Seidel hakuwa na mkanda. Alikuwa na Kwini, 7, karata tatu za mezani, na mtu mkimya mbele yake.

Kwa hiyo tukae kwenye kiti chake. Staha ina karata 52. Yeye ameshaziona tano, zimebaki 47, na kutoka karata 47 unaweza kupata michanganyiko 1,081 ya karata mbili mbili. Chan ana mmojawapo. Ni mingapi kati ya hiyo inayomshinda Seidel pale karata tatu zilipogeuzwa? Nimeihesabu kwa kalamu. Kuna Kwini nyingine iliyoambatana na Asi, Kingi, Jeki au 9: michanganyiko 32. Kwini na 10, au Kwini na 8, inayotoa jozi mbili: 12. Kwini mbili zilizobaki kwa pamoja: 1. Kumi na 8 pamoja, nikimaanisha karata mbili na si idadi: 9. Kumi mbili au 8 mbili: 6. Asi mbili au Kingi mbili: 12. Na Jeki na 9, ile aliyokuwa nayo Chan: 16. Jumla 88. Michanganyiko mingine 6 inatoka sare naye. Iliyobaki yote, 987, iko chini yake.

Ukiigeuza kuwa asilimia, anashindwa na takriban 8 kwa kila 100. Jeki na 9 peke yake haifiki hata 2 kwa 100. Mtu anayeona meza ile kutoka kiti kile na asijione yuko mbele, huyo ndiye wa kuhojiwa.

Mwenzangu wa chumba, ambaye kwenye last card ananifunga kila siku ya Mungu, aliliona daftari langu la hesabu akanipinga papo hapo. "Ndugu yangu, mtu aliyekaa kimya mezani si michanganyiko elfu moja na themanini na moja. Ukimya nao ni karata." Pingamizi ni la haki, na ndilo pingamizi bora linaloweza kuitetea filamu. Karata za Chan hazikuwa zimeokotwa gizani mpaka mwisho. Kila alichofanya na kila alichoacha kufanya kilipunguza baadhi ya michanganyiko na kuipa uzito mingine. Mchezaji mahiri anasikiliza hilo. Lakini tulifuate pingamizi lenyewe hadi linapofika. Mtego wa kukaa kimya unafanya kazi kwa sharti moja tu: ukimya wa mwenye mfululizo ufanane na ukimya wa asiye na kitu. Kama ungetofautiana, usingekuwa mtego. Sasa huwezi kumsifu mtegaji kwa kuufanya ukimya wake usisomeke, kisha ukamcheka aliyenaswa kwa kushindwa kuusoma. Ukitoa sifa ya kwanza, umeshaifuta lawama ya pili. Filamu inataka zote mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mkanda haulionyeshi na ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi, nalo ni kuwa wawili tu. Kwenye meza ya watu tisa, mwenye Kwini na 7 anaitupa bila kufikiri na kuagiza maji. Madau ya lazima yanamfikia mara mbili tu kwa kila mzunguko, ana muda wa kusubiri karata nzuri. Mkibaki wawili, dau la lazima linakudai kila mkono. Hakuna kusubiri. Unayesubiri unaliwa kidogo kidogo, na hakuna hata hadithi itakayosimuliwa juu yako. Halafu kuna suala la akiba: mkono ule ulimaliza mashindano, maana yake Chan alikuwa na chipu za kutosha kumfunika mwenzake, na mwenye chipu chache akipata jozi ya juu mbele ya mtu mmoja anayeweza kuwa na karata yoyote, uamuzi wa kusukuma zote si ukichaa. Wachezaji wengi wangeufanya leo, wakiwa na kompyuta za kufanyia mazoezi ambazo mwaka 1988 hazikuwepo.

Na tukizitaja kompyuta: Kwini na 7 za rangi tofauti ina jina la utani miongoni mwa wacheza poka. Wanaiita mkono wa kompyuta, kwa sababu ukiipambanisha na karata zozote zilizookotwa bila kuchagua, inashinda zaidi kidogo ya nusu ya mara zote. Ni mkono wa katikati kabisa. Si mzuri, si mbaya. Mwandishi wa hadithi ya kubuni akimpa mhusika wake karata hiyo kwenye fainali, mhariri angemwambia apunguze ishara.

Nisieleweke kwamba namvua Chan taji. Alikuwa bingwa mwaka 1987, akarudia mwaka 1988, na hadi mwaka 2005 alikuwa na bangili kumi za World Series, bangili zikiwa ndizo tuzo wanayopewa washindi pale. Ukubwa wa Chan hauhitaji utetezi wangu. Ninachosema ni kwamba filamu imeleta ushahidi usiohusika. Mfululizo usioshindika, dhidi ya mtu mwenye jozi ya juu na chipu chache, unajicheza wenyewe. Ungempa mwenzangu wa chumba angeshinda. Ubingwa wa Chan ulikuwa kwenye mamia ya mikono ambayo hakuna aliyeikumbuka, mikono midogo ya kuchosha iliyomfikisha kwenye kiti kile akiwa na akiba kubwa. Kwa kamera, hiyo ni mikono mibaya. Haina mwisho. Kwa hiyo filamu ikachukua mkono wenye mwisho na kuutwisha maana ambayo uko mwepesi mno kuibeba.

Tuangalie sasa filamu hiyo hiyo inavyomtendea mhusika wake kipenzi anaposhindwa, maana hapo ndipo linapoonekana lile ninaloliita dhuluma. Rounders inaanza na kushindwa. Mike anapeleka dola 30,000, mali yake yote, kwenye kilabu ya siri ya mtu anayeitwa Teddy KGB, anapata tisa tatu na Asi mbili, muunganiko mkubwa sana, anasukuma zote, na Teddy anafunua Asi tatu na tisa mbili. Kwa kifupi ni mkono wa Seidel, ila umevikwa nguo za gharama zaidi: mtu ana karata nzuri, mwenzake ana nzuri zaidi, mwenzake amecheza taratibu, mtu anafilisika. Lakini hapa tumepewa kila kitu. Tunaziona karata zake kabla, tunaisikia sauti yake ikifikiri, tunauona uso wake ukikauka. Tunatoka naye nje hadi kwenye gari la kusambaza mizigo analoendesha usiku. Kushindwa kwake kunakuwa mwanzo wa safari. Kushindwa kwa Seidel kunakuwa ushahidi wa alivyo. Wanafunzi wa fasihi wanalijua pengo hilo kwa jina: Mike ni mhusika duara, Seidel ni mhusika bapa. Tofauti ni kwamba Mike amebuniwa na waandishi David Levien na Brian Koppelman, na yule bapa ana cheti cha kuzaliwa.

Kejeli yenyewe ni kali zaidi ukijua alikotoka Seidel. Alikuwa mchezaji wa bakgamoni aliyehamia kwenye soko la hisa, kijana wa New York aliyekuwa akicheza karata Mayfair Club, kilabu ya mjini humo iliyotoa kundi zima la wachezaji waliokuja kutamba. Dan Harrington, bingwa wa mwaka 1995, alitoka hapo. Kilabu ya Chesterfield tunayoiona kwenye Rounders, ile ambayo filamu inaipiga picha kwa mapenzi kama mtu anavyopiga picha nyumba ya bibi yake, imechorwa kwa kuitazama Mayfair. Yaani filamu imejenga nyumba nzima kutokana na nyumba ya Seidel, ikamweka humo kijana wa kubuni, ikamning'iniza mwenye nyumba kwenye televisheni ili kijana ajifunze namna ya kutokuwa yeye.

Mwaka ule ule wa 1988, bila uhusiano wowote na Las Vegas, wanasaikolojia Jonathan Baron na John Hershey walichapisha utafiti juu ya tabia hii hii. Waliwapa watu visa vya maamuzi, kwa mfano daktari anayeamua kumfanyia mgonjwa upasuaji wenye hatari fulani inayojulikana. Maamuzi yalikuwa yale yale, taarifa alizokuwa nazo daktari zile zile, kilichobadilishwa ni mwisho: mgonjwa anapona, au anakufa. Watu waliuona uamuzi kuwa mbaya zaidi mgonjwa alipokufa. Hakuna cha kushangaza, na bado ukikaa nacho kinatisha, kwa sababu waliohukumu walikuwa na karatasi mbele yao inayoonyesha kwamba daktari hakuwa na namna ya kujua zaidi.

Kiswahili chetu kinaelekea kulielewa jambo hili nusu ya kwanza tu. Kurasa za michezo zinaandika kwamba timu "inatupa karata yake ya kwanza" kesho, na huo ni msemo sahihi kabisa: unachagua, unatupa, mengine hayako mikononi mwako. Kesho kutwa, baada ya kufungwa, kurasa zile zile hazina karata tena. Zina wachezaji wavivu na kocha asiyejua kazi. Na kwa aliyeshindwa tunayo methali ya kumpa, asiyekubali kushindwa si mshindani. Siipingi. Inamtaka mtu akubali matokeo. Haijamtaka popote akubali na maelezo ya mshindi kuhusu kwa nini.

Mwisho wa filamu unanipa ushahidi ambao siwezi kuupita. Mike anarudi kwa Teddy KGB, wawili tu mezani, anapata mfululizo kwenye karata tatu za kwanza, anakaa kimya, Teddy anasukuma zote. Ni mkono wa 1988, umechezwa upya kwa makusudi. Mwanafunzi amefaulu mtihani kwa kunakili jibu la zamani. Ila angalia ni nani amewekwa kwenye kiti cha Seidel. Ni jambazi. Ni mtu anayecheza akila biskuti, na namna anavyozishika biskuti ndiyo iliyomfichulia Mike siri zake kabla ya hapo. Akishashindwa anapandwa na hasira, analalamika kwamba alitegwa. Filamu imetambua, nadhani bila kukusudia, kwamba kushindwa na mfululizo ule hakutoshi kumfanya mtu aonekane amestahili. Ikabidi aongezewe biskuti, uhalifu na kelele. Seidel hakuwa na kimojawapo. Alisukuma chipu zake, akashindwa, akasimama.

Filamu pia imeacha kutaja kwamba mwaka uliofuata, 1989, Johnny Chan alifika tena fainali, wawili tu, akitafuta ubingwa wa tatu mfululizo. Alikuwa na Asi na 7. Mbele yake alikaa Phil Hellmuth, kijana wa miaka 24, akiwa na 9 mbili. Chan akashindwa. Sijawahi kuona filamu inayomwonyesha Hellmuth akimmiliki Chan, na isije ikatengenezwa.

Kuna kitabu ninachokisoma kama jibu kwa Rounders, ingawa hakijitambulishi hivyo. The Biggest Bluff, kilichotoka mwaka 2020, ni cha Maria Konnikova, mwandishi mwenye shahada ya uzamivu ya saikolojia, ambaye aliamua kujifunza poka kutoka sifuri ili aandike kuhusu bahati. Mwalimu aliyemtafuta ni Erik Seidel. Yule yule. Kumbe mtu wa kwenye mkanda ana mdomo, ana mkewe, ana mikahawa anayoipenda, na ana kanuni moja ambayo kwangu ndiyo moyo wa kitabu: hataki kusikia hadithi za mikono iliyopotea kwa bahati mbaya. Mwanafunzi akija kulalamika kwamba alikuwa mbele hadi karata ya mwisho ikamgeuka, Seidel anamkatisha. Anataka kujua alifikiri nini, akiba ilikuwa kiasi gani, mwenzake alikuwa amefanya nini. Mwisho wa mkono anaweza asiuulize kabisa.

Hadithi ya bahati mbaya tunaijua vizuri sisi, hata tusiogusa kamari. Kaa kijiweni Jumatatu yoyote usikie habari za mkeka uliochanika: timu kumi na moja zimeshinda, moja imesawazishiwa dakika za nyongeza, na msimulizi anaitaja hiyo moja kwa jina kama mtu anayemtaja mchawi wake. Haulizwi kwa nini alizichagua hizo kumi na mbili. Utanzu huu hauna nafasi ya swali hilo. Naona kanuni ya Seidel ni ya kihakiki kabla ya kuwa ya karata: anakataa utanzu mzima kwa sababu umejengwa ili usifundishe kitu. Na sidhani ni ajabu kwamba imetoka kwa mtu ambaye mkono wake mmoja umegeuzwa na wengine kuwa somo kwa miongo kadhaa.

Hata hivyo kitabu nacho kina jini lake. Kinahubiri kwamba tusipime uamuzi kwa matokeo, na kimejengwa juu ya matokeo. Konnikova alianza akiwa hajui hata staha ina karata ngapi. Mwezi Januari 2018 alishinda mashindano makubwa huko Bahamas na kuchukua dola 84,600. Neno la mwisho katika jina refu la kitabu, pale kwenye jalada, ni kushinda. Je, angefuata mafunzo yale yale, akafikiri kwa ubora ule ule, kisha karata zikamkataa mwaka mzima, tungekuwa na kitabu? Pengine tungekuwa na makala fupi. Anayajua hayo, sehemu kadhaa anayagusa kwa uaminifu, lakini soko la vitabu lina Mike McDermott wake ndani. Bado nakipendelea kuliko filamu kwa jambo moja: anapofika kwenye mkono alioshindwa, anatuweka kwenye kiti kwanza. Tunapewa karata zake, wasiwasi wake, kisha uamuzi, na matokeo yanakuja yamechelewa, baada ya sisi wenyewe kuwa tumeshaamua.

Utaratibu huo wa kuchelewesha matokeo ndio ninaouomba kwa waandishi wa maisha halisi, kundi ambalo nami natafuta nafasi ndani yake. Wapo watu wengi ambao umma umewaona mara moja tu, siku waliyoshindwa: mgombea, kipa, mfanyabiashara aliyekopa. Tunaandika kuwahusu tukiwa na mkanda mkononi. Tunauita utafiti.

Seidel amepata bangili yake ya kumi mwaka 2023, akalingana na Chan. Ameingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa poka mwaka 2010, na jumla ya alichoshinda mashindanoni imepita dola milioni 40. Naziandika takwimu hizi kwa kusita. Ukizisoma kama fidia, kwamba basi mkono wa 1988 ulikuwa sawa kwa kuwa mwenyewe alikuja kufanikiwa, tutakuwa tumerudi kwa Mike. Mkono ule ungekuwa vile vile hata kama Seidel angerudi kwenye hisa na asionekane tena.

Rounders inaishia ndani ya teksi. Mike amelipa deni, amerudishiwa dola zake 30,000, na anaelekea Las Vegas kucheza World Series. Hatumwoni akifika. Mwaka 1998 mashindano makuu yalikuwa na wachezaji 350, na mmoja tu ndiye asiyeshindwa. Levien na Koppelman wanaijua hesabu hiyo kuliko mimi, wakalizima taa mapema. Matt Damon mwenyewe alikwenda kucheza mwaka huo, miezi michache kabla filamu haijatoka. Alipata Kingi mbili, karata za pili kwa ukubwa unazoweza kugawiwa. Alikuwa anapambana na Doyle Brunson, bingwa wa mwaka 1976 na 1977, na Brunson alikuwa na Asi mbili. Kati ya michanganyiko 1,225 ambayo mpinzani mmoja angeweza kuwa nayo, ile ya Asi mbili ni 6. Damon akatolewa. Kisa hicho husimuliwa hadi leo kama bahati mbaya ya kuchekesha, na sijakutana na yeyote anayesema kwamba Brunson alimmiliki.